Watoto wa Ruwa na Kile Walichokiona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ile video ya watoto wa Zimbabwe wanaosimulia kuona chombo cha ajabu karibu na shule yao inaporudi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, maswali huwa yale yale, na majibu huwa yametiwa chumvi hadi hayaliki. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe ninaandika upya kila mara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mtaalamu wa anga. Nilicho nacho ni miaka 11 ya kukaa na watoto wa darasa la pili hadi la sita, na ninajua habari inavyotembea uwanjani wakati wa mapumziko.

Kwa kifupi, ni nini kilitokea?

Ijumaa ya tarehe 16 Septemba 1994, mnamo saa nne na robo asubuhi, watoto wa Shule ya Ariel walikuwa nje wakicheza. Ariel ni shule ya msingi ya binafsi iliyo nje kidogo ya mji wa Ruwa, kilomita ishirini na kitu upande wa mashariki wa Harare. Ng'ambo ya uwanja wa michezo kulikuwa na pori la nyasi ndefu, miiba na miti, mahali ambapo wanafunzi walikatazwa kukanyaga. Huko ndiko watoto waliposema wameona kitu cha rangi ya fedha, au vitu kadhaa, vikishuka. Wengine wakaongeza kwamba kando ya kitu hicho waliona mtu mfupi, au watu wawili watatu, waliovaa nguo nyeusi za kubana.

Mkasa mzima ulichukua kama dakika 15. Baadaye watoto 62, wa umri wa miaka 6 hadi 12, walitajwa kuwa mashahidi. Hakuna picha iliyopigwa wala kipande chochote kilichookotwa. Tulicho nacho ni maneno ya watoto na michoro yao.

Walimu nao waliona?

Hawakuona. Hapa ndipo habari nyingi za mtandaoni zinapoteleza kwa kuandika "walimu na wanafunzi". Walimu walikuwa kwenye kikao ndani. Mtu mzima pekee aliyekuwa nje alikuwa mama mmoja, mzazi, aliyekuwa akiuza kwenye kiduka cha shule. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, lakini yeye hakutoka dukani. Hakutaka kuacha vitu vya kuuza na pesa bila mtu wa kuviangalia.

Wanaosimulia kisa hiki kama sinema humcheka huyo mama. Mimi simcheki hata kidogo. Aliyewahi kusimamia duka la shule wakati wa mapumziko anajua kwamba ukitoka dakika mbili, maandazi hayatakuwepo. Na watoto wanaokuja mbio wakilia kuna nyoka, kuna mwizi, kuna jini chooni, huja kila wiki.

Kengele ilipolia watoto waliingia darasani wakahadithia, na walimu hawakuwasadiki. Jambo likakua jioni, watoto walipofika nyumbani. Wazazi ndio waliorudi shuleni kuuliza kuna nini.

Watoto walisema nini hasa? Wote walisema kitu kimoja?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Maelezo ya mwanzo yalikusanywa na Cynthia Hind, mtafiti wa habari za UFO, yaani vitu visivyotambulika vinavyoonekana angani, aliyekuwa akiishi Harare na kuhariri jarida lililoitwa UFO Afrinews. Alimwomba mwalimu mkuu, Colin Mackie, awape watoto karatasi wachore walichoona, kisha yeye akafika shuleni Jumanne ya tarehe 20, siku nne baada ya tukio. Mwandishi wa BBC aliyekuwa Zimbabwe, Tim Leach, naye alifika na kamera siku hizo hizo.

Katika masimulizi hayo ya awali, mtiririko ulikuwa hivi. Kulionekana vitu vya kung'aa vikitokea na kupotea, vikifuata mstari wa nguzo za umeme. Kimoja kikashuka porini, kama mita 100 kutoka ukingo wa uwanja. Juu yake akaonekana mtu wa kimo cha mita moja hivi, akatembea kidogo kwenye yale mabonde na miiba, akawaona watoto, akapotea, kisha akaonekana tena nyuma ya chombo. Shingo yake nyembamba, nywele nyeusi ndefu, macho makubwa. Mtoto mmoja aliyalinganisha na mpira wa raga, na kulinganisha huko kunakuambia ni mtoto wa shule ya aina gani.

Lakini si wote waliosema hivyo. Kuna walioona kitu cha kung'aa tu, bila mtu. Kuna waliomwona mmoja na waliowaona zaidi. Nywele zipo kwa huyu, hazipo kwa yule. Ukitazama michoro iliyobaki, kuna visahani vya duara vyenye miguu na madirisha kama tunavyovijua wote, na kuna michoro ambayo ukifichwa maelezo hutajua kama ni sahani, kofia au chungu. Anayekuambia watoto 62 walitoa hadithi moja neno kwa neno hajaiona michoro. Na anayekuambia kila mtoto alisema lake, naye anapunja, kwani mifupa ya hadithi inafanana: pale porini, kitu cha kung'aa, mtu mfupi mweusi kwa mavazi, macho.

Jingine linalosahauliwa ni kwamba shule ilikuwa na wanafunzi kama 250. Wengi hawakuona kitu. Uwanja ulikuwa ule ule na saa ile ile. Siku nikikutana na aliyekuwepo, sitamuuliza alien alikuwa na vidole vingapi. Nitamuuliza, "Ulikuwa umesimama wapi, na nani alikuwa kando yako?"

Hizi habari za ujumbe kuhusu mazingira zilitoka wapi?

Zilitoka baadaye. Mwishoni mwa 1994, miezi miwili na zaidi baada ya tukio, alifika Ruwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, John Mack. Hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1977 alishinda tuzo ya Pulitzer kwa kitabu cha maisha ya T. E. Lawrence, yule ofisa Mwingereza anayejulikana kama Lawrence wa Arabia. Lakini kufikia miaka ya 90 alikuwa amejikita kwa watu wanaosema wamechukuliwa na viumbe kutoka nje ya dunia, na mwaka ule ule wa 1994 alitoa kitabu kuhusu watu hao. Chuo chake kilimwundia kamati ya kumchunguza, na mwishowe akabaki na kazi yake.

Video inayowatoa watu machozi, ile ya mtoto anayetazama kamera na kusema kwamba mawazo yalimwingia kupitia macho ya yule kiumbe, kwamba binadamu tunaiharibu dunia na tumezidisha mashine, imetokana na mahojiano ya Mack. Katika maelezo ya Hind ya Septemba habari hiyo haionekani, au ni hafifu mno. Katikati ya hapo walipita wazazi, waandishi wa habari, wageni, na miezi miwili ya watoto kuongea wenyewe kwa wenyewe.

Je, Mack aliwapachika maneno? Ukimsikiliza, sauti yake ni ya upole, wala hamlazimishi mtoto. Tatizo ni maswali. Ukimuuliza mtoto, "Unadhani alitaka kukuambia nini?" tayari umeshampa kwamba alitaka kumwambia kitu. Hakuna mtoto wa miaka tisa atakayemjibu mzungu mzee mwenye upole aliyepanda ndege kutoka Marekani, "Hakutaka kuniambia chochote." Atatafuta jibu. Na katika miaka ile watoto wa shule za aina hiyo walikuwa wakifundishwa kuhusu misitu na tundu kwenye tabaka la ozoni.

Kwa hiyo walidanganya?

Sijasema hivyo, na sidhani walidanganya. Mackie mwenyewe, ambaye hakudai kuona lolote, alishikilia kwamba watoto wale waliamini walichokisema.

Kudanganya ni kitu kimoja, na kukumbuka vibaya kwa moyo mweupe ni kingine. Katika utafiti mmoja wa mwanasaikolojia Elizabeth Loftus uliochapishwa mwaka 1995, watu wazima 24 walisimuliwa kisa cha uongo kwamba walipokuwa wadogo waliwahi kupotea kwenye jengo la maduka, na waliokitoa kisa hicho wakasemwa ni ndugu zao. Watu 6 kati yao walianza kukikumbuka, kwa sehemu au chote. Hao ni watu wazima, tena kuhusu jambo la kawaida.

Ninatoa mfano wa darasani. Miaka ya nyuma dirisha letu la darasa la nne lilivunjwa. Nikafanya kosa la mwalimu mchanga, nikawaita watoto watano kwa pamoja nikawauliza aliyevunja ni nani. Wa kwanza akamtaja kijana mmoja mwenye shati la bluu. Wa pili akaongeza kuwa alikuwa na fimbo. Wa tano alishaona hata njia aliyokimbilia. Mchana fundi akaniambia ni tawi la mwembe, akanionyesha lilipoangukia. Wale watoto hawakunidanganya. Walinisaidia, kwa namna watoto wanavyosaidia.

Hind aliwahoji watoto wa Ariel kwa makundi, wanne hadi sita kwa mpigo, kila mmoja akimsikia mwenzake. Hili ndilo doa kubwa kuliko yote katika ushahidi wa Ruwa, na haliwezi kufutwa tena.

Kuna roketi iliyoanguka siku zile. Ina uhusiano?

Ina uhusiano mkubwa, ila si ule ambao watu hudhani.

Jumatano ya tarehe 14 Septemba, siku mbili kabla, usiku wa saa tatu hivi, anga la kusini mwa Afrika lilipitiwa na moto mrefu ulioachana vipande vipande. Uliwaka kimya, ukachukua muda, na watu wa nchi kadhaa waliuona. Ulikuwa mwili wa roketi ya Urusi aina ya Zenit-2, iliyokuwa imerusha setilaiti ya Cosmos 2290 tarehe 26 Agosti, na sasa ulikuwa ukirudi na kuungua hewani. Redio zikapokea simu, na mji ukajaa mazungumzo ya vyombo vya ajabu.

Roketi ya Jumatano usiku haiwezi kuwa ndiyo kitu cha Ijumaa asubuhi porini. Kazi iliyofanya ni nyingine. Watoto walikwenda shule Alhamisi na Ijumaa vichwa vikiwa vimejaa wageni wa angani, wakiwa wamesikia baba na mama wakijadili mezani. Kwa hiyo hoja kwamba "hawa walikuwa watoto wa kijijini Afrika, wasiojua UFO ni nini" haisimami. Zimbabwe ilikuwa na televisheni tangu 1960, na Ariel ilikuwa shule ya wenye uwezo.

Wakenya hawahitaji kuelezwa sana. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likathibitisha kwamba ni kipande cha chombo cha angani. Waulize watu wa Mukuku walizungumza nini wiki ile.

Mbona wengine wanasema watoto waliona majini?

Kwa sababu baadhi ya watoto wenyewe walisema hivyo, kwa lugha yao. Ariel ilikuwa na watoto weusi, Wazungu, machotara na wenye asili ya Asia. Hind aliandika kwamba baadhi ya watoto weusi waliogopa kuwa yule mtu mfupi ni tokoloshi, yule kiumbe mdogo wa hadithi za kusini mwa Afrika, na kwamba angewala. Washona wa Zimbabwe nao wana chikwambo chao. Mtoto wa Pemba angesema kibwengo.

Hapo pana jambo la maana kuliko linavyoonekana. Macho yanaleta kitu kifupi cheusi kinachotembea nyasini, kichwa ndicho kinachokipa jina, na jina linakuja na sura yake. Mtoto wa Kizungu aliyesikia redio Jumatano akapata mgeni wa angani. Mwenzake aliyelelewa na bibi akapata tokoloshi. Ukweli kwamba watoto wa malezi tofauti walianza na majina tofauti, kisha miezi michache baadaye karibu wote wakawa na jina moja, lile la wageni wa angani, unanifikirisha kuliko macho ya mpira wa raga.

Kama ni majini kweli kweli, hilo muulize sheikh au mchungaji wako.

Hii si kama ule ugonjwa wa kucheka wa Bukoba?

Watu wanaotaja maneno "hofu ya halaiki", yaani hofu inayoambukizana katika kundi la watu, hukimbilia huko, kwa hiyo tuuangalie vizuri. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Ukaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudi makwao, na ugonjwa ukaenda nao vijijini. Walimu hawakuupata. Madaktari waliuchunguza, hawakupata sumu wala kirusi.

Ya aina hiyo hayajaisha. Oktoba 2023 shule moja ya wasichana kule Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi karibu mia kushikwa na miguu isiyotaka kutembea. Kwetu Tanzania hatupitishi miaka mingi bila kusikia shule fulani wasichana wameanguka, wazazi wamekuja kuwachukua, na mganga au mchungaji ameitwa.

Mfanano na Ruwa upo: shule, watoto, umbali na watu wazima, na jambo linaloruka kutoka kwa mtoto hadi mtoto huku walimu wakibaki salama. Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Kashasha mwili ndio ulioumwa, na ulidumu kwa siku na majuma. Wa Ruwa hawakuanguka, hawakuzimia, hawakucheka. Walisema wameona kitu, kwa dakika 15, mchana kweupe, kisha kikaisha. Kuliita tukio hili hofu ya halaiki na kufunga faili ni uvivu. Jina la ugonjwa halikuambii ni nini kilichokuwa porini, wala kama kulikuwa na kitu.

Na Popobawa?

Hapana. Popobawa, yule jini wa 1995 kule Pemba, kisha Unguja na hadi Dar es Salaam, alikuja usiku, kwa watu wazima waliolala, mmoja mmoja, na watu wakaishia kulala nje kwa makundi wakiota moto. Yale yanaelekea zaidi kwenye jinamizi na kwenye siasa za mwaka ule wa uchaguzi. Kinachofanana ni kasi ya maneno tu.

Maelezo gani ya kawaida yametolewa?

Kisulisuli, ambacho wengine hukiita chamchela. Septemba ni mwezi wa joto na ukavu kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, mvua bado, na nguzo za vumbi huzuka ghafla, zikatembea, zikapotea, zikaibuka pembeni. Kutokea na kupotea kunaeleweka hapo. Macho hayaeleweki.

Kuna aliyependekeza vikaragosi, kwa kuwa miaka ile maonyesho ya vikaragosi vikubwa yalitumika kufundisha watu kuhusu UKIMWI, na gari lililobeba vikaragosi hivyo lingeweza kusimama porini. Ni wazo la kuvutia, linaeleza kichwa kikubwa na shingo nyembamba vizuri kuliko vumbi. Ila hakuna aliyelileta hilo gari.

Kuna pia mzaha. Mwaka 2023, katika kipindi kimoja cha televisheni, mtu mzima mmoja aliyekuwa mwanafunzi pale alisema yeye ndiye aliyeanzisha yote. Aliona kitu kinang'aa kwa mbali, akawaambia wenzake ni UFO, na mambo yakamshinda. Wenzake waliokuwepo walimkatalia. Mimi namsikiliza kama ninavyowasikiliza wao, kwa tahadhari ile ile: naye anakumbuka jambo la karibu miaka 30 nyuma, mbele ya kamera.

Yangu mimi, kwa kuwa huulizwa: nadhani kulikuwa na kitu halisi pale porini, cha kawaida, kilichong'aa na kusogea, pengine hata mtu, kikakutana na watoto walioandaliwa na roketi ya Jumatano. Sina uthibitisho. Ukinibana niseme ni kitu gani, sitaweza.

Waliokuwepo wanasemaje leo?

Wana miaka ya mwisho wa thelathini na mwanzo wa arobaini. Wametawanyika, kama Wazimbabwe wengi wa rika lao. Filamu ya uhalisia iliyotoka mwaka 2022 iliwafuata kadhaa, na wengi bado wanashikilia walichosema. Wapo waliosimulia kudhihakiwa, na waliokaa kimya miaka mingi kwa sababu hiyo. Wapo pia ambao hawakuona kitu, na hao kamera haziwatafuti.

Cynthia Hind alifariki mwaka 2000. John Mack aligongwa na gari la dereva mlevi jijini London tarehe 27 Septemba 2004, akafa. Ndiyo, ilikuwa ajali. Hapana, hakuuawa na serikali. Nimeulizwa hilo mara nyingi mno.

Kuna shule nyingine zilizowahi kupatwa na haya?

Mbili zinajulikana zaidi. Tarehe 6 Aprili 1966, Westall, kiungani mwa Melbourne, Australia, wanafunzi wengi pamoja na baadhi ya walimu waliona kitu kikishuka nyuma ya miti. Kwa hiyo anayetaka tukio lenye walimu aende huko, asing'ang'anie Ruwa. Maelezo yanayopewa uzito ni puto kubwa la majaribio ya kupima mnururisho angani lililopotea njia. Leo kwenye bustani ya pale kuna bembea na mtelezo wa watoto uliojengwa kwa umbo la sahani irukayo.

Nyingine ni Broad Haven, Wales, tarehe 4 Februari 1977, watoto 14. Ninaipenda kwa sababu moja: mwalimu mkuu aliwatenganisha, kila mtoto akachora peke yake. Michoro ikafanana vya kutosha kumshangaza. Haithibitishi kwamba ni chombo kutoka sayari nyingine, maana watoto walishakuwa na muda wa kuongea kabla. Lakini yule mwalimu alijua kazi yake.

Wanafunzi wangu wakija mbio kusema wameona kitu, nifanye nini?

Toka nje kwanza. Angalia mwenyewe, na simu mkononi.

Kisha watenganishe kabla hujauliza lolote, hata kama ni kwa dakika tano, kila mtoto na karatasi yake. Waambie wachore walipokuwa wamesimama, si kitu chenyewe tu. Usiwaulize "kilikuwa na taa?" Uliza "ikawaje?" halafu nyamaza, unyamaze kweli. Andika saa, upande wa jua, upepo. Waandike pia wale ambao hawakuona kitu na mahali walipokuwa, maana hao ndio watu hujutia baadaye kutowauliza. Usiwacheke. Usiwaite waandishi wa habari siku hiyo.

Kama ni usiku na ni taa zimejipanga mstari kama shanga zikipita kimya, hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink. Zinarushwa kwa mafungu tangu 2019 na huonekana hivyo siku chache baada ya kurushwa.

Shule ya Ariel bado ipo? Ninaweza kwenda kuona?

Bado ipo Ruwa, na bado ni shule ya msingi. Kuna watoto ndani wanaosoma. Ukifika Harare na huna mtoto pale, piga picha ukiwa barabarani uendelee na safari yako.